Saa ya Kamera

Waya nimeupata Ruwi, duka la tatu,
kwa Mmalabari aliyecheka kidogo: "Huu, baba?
Huu watu hawautaki tena."
Akaufuta vumbi kwa kiganja, akaniuzia riyali mbili
na betri ya bure isiyofanya kazi.

Sasa ni Al-Khudh, Agosti, saa nane mchana,
nje hata kitasa cha geti hakishikiki.
Mimi na Muhanna tumefunga mapazia,
tumeilaza kamera juu ya mto kama mgonjwa,
maana kifuniko chake hakikai
mpaka ukibane na mpira wa nywele wa binti yangu.

Programu inauliza jina la mradi.
Naandika: Mama.
Muhanna anabonyeza kitufe chekundu.
"Itachukua muda gani, Mjomba?"
Saa moja.
"Kwa mkanda wa saa moja?"
Kwa mkanda wa saa moja.
Ananitazama kana kwamba nimesema twende Nizwa kwa miguu.
Huu hauvutwi kwa mkupuo, mwanangu.
Huu unakaliwa, kama matanga.

Basi tunakaa.
Harusi ya Ghaniya, mama yake.
Wanawake wanageuza nyuso, viganja vinaziba lenzi,
kimoja kina hina mbichi.
Baba yake anaingia, jambia limempinda kiunoni, anacheka,
na Muhanna anasogea karibu na kioo, hasemi kitu.
Kisha, bila hata kupepesa, maji ya Wadi Adai,
friji ya mtu inapita barabarani, imesimama wima.
Kisha keki.

Programu ilipaswa kuyagawa matukio kwa tarehe,
kila moja faili lake.
Lakini saa ya kamera hatukuwahi kuiweka sawa.
Baba alisema tutaiweka kesho,
na kesho za Baba zilikuwa nyingi.
Kwa hiyo yote yametokea tarehe mosi Januari, elfu mbili:
harusi, gharika, keki, jino la kwanza la Muhanna.
Kwa saa hii hakuna aliyemtangulia mwenzake.
Ghaniya anaolewa siku ileile anayoachwa.
Mama yuko jikoni.

Dakika ya thelathini na nane
mtu aliisahau kamera juu ya kabati, jicho wazi.
Dakika kumi na tisa za ukuta,
pindo la kanga likipita, likirudi,
sufuria ya presha inapiga mluzi.
Na sauti. Mama anamwambia mtu tusiyemwona
kwamba ndimu za hapa ni kali kuliko maneno ya mawifi,
kwamba goti la kushoto linajua mvua kabla ya redio,
kisha, taratibu, kama anayechambua mchele:
"Na huyu mwanangu mkubwa, nikimwangalia, huwa na..."

Fremu kumi na moja zimeanguka.
Ndivyo kompyuta inavyosema, kwa herufi ndogo za njano,
kama mtoto aliyevunja kikombe.
Narudisha mkanda nyuma. Unalia.
Fremu kumi na nne.
Narudisha tena. Ishirini na mbili,
na mstari mweupe umeuchana ukuta.
Huwa na nini, Mama?
Na raha? Na hofu?
Fremu ishirini na tano ni sekunde moja tu.
Neno limeingia humo zimazima.

"Mjomba, hapa tukate? Hamna kitu, ni ukuta."
Kishale chake tayari kimekaa juu ya mkasi.
Acha, namwambia. Acha hivyo hivyo,
na shimo lake.

Mkanda unatoka na joto lake.
Umebaki wa pili, wa tatu, na kiatu kizima cha mikanda.
Muhanna anaigeuzageuza kamera, anafungua menyu, anacheka:
"Mbona saa yake inawezekana kuwekwa sawa! Niiweke?"

Tutaiweka kesho, nasema.